Malezi ya Watoto Ni Somo la Mikono na Macho

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaokaribia kuchagua masomo: asanteni kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi.

Kila msimu wa kuchagua masomo unapofika, naulizwa swali lile lile. Mzazi hunivuta pembeni, hupunguza sauti kidogo, kisha husema: "Mwalimu, huyu akisomea malezi ya watoto, atakuja kuwa nani?" Naliheshimu swali hilo, maana linatoka kwa mtu anayemtakia mwanawe mema. Jibu la haraka ni kwamba anaweza kuwa mwalimu wa chekechea, muuguzi wa watoto, mkunga, mtaalamu wa lishe, ofisa wa ustawi wa jamii, au mwendeshaji wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Hizo ni kazi za heshima na somo letu ni mlango mzuri wa kuziingia.

Ila mimi silifundishi kwa sababu hiyo peke yake. Karibu kila atakayekaa darasani kwangu atakutana na mtoto mdogo anayemhitaji, awe amezaa au hakuzaa. Atakuwa shangazi au mjomba, kaka mkubwa au jirani, abiria aliyeketi karibu na mama mwenye pacha wanaolia. Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba kulea ni ujuzi, ujuzi huo huingia mwilini kwa kutenda na kwa kutazama, na shule ya sekondari ina wajibu wa kuufundisha kwa njia hiyo, kwa wasichana na wavulana sawasawa.

Wapo wanaoamini kwamba kulea hakufundishwi: mtu akizaa, moyo utamwelekeza. Upendo huja, ni kweli, ingawa kwa baadhi ya wazazi huchelewa na hawana kosa kwa hilo. Lakini upendo haumwambii mtu mtoto mchanga alazwe vipi. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, wataalamu wengi katika nchi za Magharibi waliwashauri wazazi wamlaze mtoto kifudifudi. Walikuwa na hoja yao: waliogopa kwamba mtoto aliyelala chali akicheua atapaliwa na matapishi yake. Hoja hiyo iliingia akilini, na wazazi waliowapenda watoto wao kwa moyo wote waliifuata usiku baada ya usiku. Watafiti walipokuja kulinganisha, wakakuta watoto wanaolazwa kifudifudi hufariki ghafla usingizini kwa wingi kuliko wanaolazwa chali. Uingereza ilianza kampeni ya kuhimiza watoto walazwe chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na katika nchi hizo mbili vifo vya namna hiyo vikapungua kwa takriban nusu au zaidi. Haikuhitajika dawa mpya wala mashine. Watoto waligeuzwa tu.

Nikiisimulia habari hiyo darasani, huwa kuna mwanafunzi atakayeuliza: je, na leo, ni kipi tunachokiamini ambacho kesho kitaonekana si sahihi? Hilo ndilo swali ninalolitafuta. Sitaki wanafunzi wakariri kwamba mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto wala midoli laini pembeni ya uso wake. Nataka wajue kwa nini, ili siku mtu mzima anayemheshimu atakapomwambia "sisi tulilazwa kifudifudi na tuko hai," kijana awe na la kujibu kwa adabu na kwa uhakika.

Yako mengi ya namna hiyo, na nitayapitia mbiombio. Mtoto aliye chini ya miezi 12 hapewi asali, hata tone la kumtulizia kikohozi, kwa kuwa asali inaweza kubeba mbegu za bakteria waletao botulismu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na utumbo wa mtoto bado haujawa na nguvu za kuzizuia zisichipue. Mtoto aliye chini ya miezi 3 akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, anapelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Hakuna kusubiri asubuhi. Mtoto hatikiswi kwa nguvu kamwe, hata awe amelia saa ngapi, kwa sababu kichwa chake ni kizito, shingo yake ni dhaifu, na ubongo hugonga ndani ya fuvu. Na aliyechoka kusikia kilio anaruhusiwa kumlaza mtoto mahali salama, akatoka nje ya chumba dakika chache, akavuta pumzi. Natamani kila kijana ayasikie maneno hayo akiwa na miaka 15, muda mrefu kabla hajawa peke yake usiku na mtoto asiyenyamaza. Kilio cha mtoto mchanga kwa kawaida huzidi kadiri wiki za mwanzo zinavyokwenda, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua. Mzazi anayelijua hilo huvumilia vizuri zaidi, maana anaona mbele kuna nafuu.

Sasa niwaonyeshe kipindi kimoja cha vitendo, ili mjue watoto wenu hufanya nini nyuma ya ule mlango.

Ni kipindi cha kuogesha. Tunatumia mdoli mwenye uzito wa kilo 3 hivi, uzito wa mtoto aliyezaliwa karibuni, na shingo yake imetengenezwa ilegee. Kabla mwanafunzi hajamgusa, aweke kila kitu karibu na mkono: taulo limekunjuliwa, nepi safi imefunguliwa, nguo zimepangwa kwa mpangilio wa kuvaliwa. Ukishamtia mtoto majini, mkono mmoja ni wa kichwa chake tu, huna tena mikono miwili. Maji ya baridi yanatangulia kwenye beseni, ya moto yanafuata, kisha yanakorogwa ili pasibaki mahali penye joto kali. Anapima kwa kiwiko au kwa ndani ya kifundo cha mkono, halafu anahakikisha kwa kipimajoto: nyuzi 37 au 38. Hapo ndipo anamshusha mdoli polepole, miguu kwanza, kichwa kikiwa juu ya mkono wake wa kushoto na vidole vimeshika bega la upande wa pili.

Akiwa katikati ya kazi, mimi huita kutoka mlangoni: "Hebu njoo mara moja!" Wengi hugeuka. Wakigeuka, ule mkono wa kushoto hulegea kidogo, na kidevu cha mdoli huzama. Siwakaripii. Nakionyesha kile kidevu kwa kidole, basi. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, na huzama kimya kimya, bila kurusha mikono wala kupiga kelele. Aliyezoea kipindi hiki, ukimwita, hujibu bila kuinua macho: "Nasubiriwa na mtoto, Mwalimu." Hilo halisomeki kwenye daftari likaeleweka. Linataka mkono uzoee.

Vivyo hivyo kumsaidia mtoto mchanga aliyekabwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, anapigwa mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kitu kisipotoka anageuzwa chali, anakandamizwa kifuani mara 5, kisha unarudia, huku mwingine akiita msaada. Vidole havitiwi kinywani kutafuta kitu kisichoonekana, maana vinaweza kukisukuma ndani zaidi. Kuyasema ni nusu dakika. Kuyafanya kwa utulivu mtu anapopiga mayowe pembeni ni jambo jingine, ndiyo maana tunayarudia mwaka mzima, mpaka yule mwanafunzi mwenye haya kuliko wote ayafanye bila kunitazama.

Na kuna kipindi cha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Pakiti ya ORS inayofuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 20.5 na huchanganywa na maji safi lita 1 kamili. Pakiti zikikosekana, ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa ukingo wa kisu. Mwanafunzi mmoja anapima kwa vijiko vilivyosawazishwa, mwingine kwa vijiko vya kilima, halafu wote wawili wanapima uzito wa walichotia. Tofauti huwashangaza. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto ambaye tayari mwili wake umekauka, na hapo ndipo mwanafunzi anaelewa kwa nini namsumbua kuhusu ukingo wa kisu.

Ingawa hivyo, mkiniuliza moyo wa somo hili uko wapi, sitawapeleka kwenye beseni wala kwenye vijiko. Nitawapeleka kwenye daftari la uchunguzi. Kila mwanafunzi wangu anachagua mtoto mmoja aliye chini ya miaka 3, kwa ridhaa ya wazazi wa mtoto, anamtembelea kwa miezi kadhaa na kuandika anachokiona. Jina la mtoto haliandikwi, picha hazipigwi, na mtoto akionyesha kwamba hataki mgeni siku hiyo, mgeni anaaga. Ukurasa umegawanywa safu mbili: upande huu "Nilichokiona", upande ule "Ninavyofikiri". Kuzitenganisha safu hizo mbili ndiyo kazi ngumu kuliko zote ninazowapa.

Nitawapa mfano. Kijana mmoja alimtembelea mtoto wa miezi 10 wakati wa kulishwa. Katika safu ya kwanza aliandika hivi: "Mtoto ni mtundu, anatupa vijiko makusudi ili kumchosha mama." Nikamrudishia daftari. Nikamwambia: utundu hauonekani kwa macho, na makusudi nayo hayaonekani. Uliona nini? Wiki iliyofuata aliniletea maneno haya: "Ameshika kijiko kwa mkono wa kulia. Ameunyoosha mkono nje ya kiti. Amefungua vidole. Kijiko kimeanguka. Amesikiliza. Ameinama kukitazama. Amemtazama mama. Mama amekiokota, amempa. Amekidondosha tena, safari hii upande wa kushoto. Amesikiliza tena." Chini yake, kwenye safu ya pili, kijana ameandika kwa kalamu nyingine: "Nadhani anajaribu kujua kama kitatoa mlio ule ule."

Nilisimama na lile daftari kwa muda. Kijana yule alikuwa amefika, kwa macho yake mwenyewe, mahali ambapo Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi wa ukuaji wa akili za watoto, alifika kwa kuwatazama watoto wake watatu na kuandika kwa makini mambo madogo waliyoyafanya: kwamba mtoto mdogo hujaribu, hurudia, hubadilisha kitu kimoja na kuangalia kinachotokea. Baada ya hapo niliweza kumfundisha habari ya mtoto kutambua kwamba kitu kipo hata kisipoonekana, na hakuhitaji kuikariri. Tayari alikuwa ameiona chini ya kiti.

Tena angalieni kinachofuata. Anayeamini kuwa mtoto anamchokoza atamkaripia, pengine atampiga kofi la mkono. Anayeona mtoto anajifunza atakiokota kile kijiko, atasema "kimeanguka chini!", atakirudisha mara tatu au nne, halafu ataondoa kijiko na kumpa kitu kingine pasipo hasira. Mtoto ni yule yule na kijiko ni kile kile. Macho ya mtu mzima ndiyo yaliyobadilika.

Uchunguzi unafundisha pia kutolinganisha watoto ovyo. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi 6: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Katika hatua za mwili, ilionekana kwamba mtoto mwenye afya anaweza kutembea peke yake akiwa na miezi 8 na kidogo, na mwingine, mwenye afya vilevile, asitembee mpaka akaribie miezi 18. Takriban asilimia 4 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Wanafunzi wangu wawili wanapoketi meza moja, mtoto wa huyu anakwenda tata na wa yule bado anasimama dede kwa kushika kiti, wote wakiwa na mwaka na mwezi mmoja, hawaulizani tena nani mwerevu. Lakini wanajua pia kwamba kipindi hicho kina mwisho wake, na kwamba mtoto aliyepita mwisho huo, au aliyekuwa akitamka vineno akaacha, aonwe na mtaalamu mapema. Kutulia na kujua lini pa kutotulia: yote mawili yanatoka kwenye kutazama kwa muda mrefu.

Kuna watu wanaoona haya yote ni michezo. Naam, ni michezo, na michezo ina uzito kwa mtoto. Mjini Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1980, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii saa moja kila wiki, kwa miaka 2. Wahudumu hao hawakuwa maprofesa. Waliwafundisha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto, kwa kutumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Miaka 20 baadaye watoto wale, sasa watu wazima, walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa hivyo. Kila ninapowaona wanafunzi wangu wanakata chupa tupu na kushona midoli ya vitambaa, nakumbuka Kingston. Nasi tunatengeneza, na tuna kipimo chetu: kitu chochote kinachopenya ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na kinaondolewa mezani hata kama aliyekitengeneza amekesha nacho.

Sasa niseme jambo ambalo huenda baadhi yenu halitawapendeza. Wapo wanaoliunga mkono somo hili kwa sababu wanatumaini litawatisha mabinti. Wanasema: waonyesheni ugumu wa mtoto, wataogopa mimba. Jambo hilo limejaribiwa. Katika jimbo la Western Australia, shule 57 zilishiriki utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016. Shule nyingine ziliendelea na masomo ya kawaida. Nyingine ziliwapa wasichana wa miaka 13 hadi 15 mdoli wa kielektroniki waende naye nyumbani, anayelia usiku, anayetaka kulishwa na kubadilishwa nepi. Wasichana walifuatiliwa mpaka miaka 20. Waliopewa mdoli hawakupata mimba chache. Asilimia 8 yao walizaa angalau mara moja, dhidi ya asilimia 4 ya wale wengine.

Vitisho havikufua dafu, basi, na mimi nafurahi kwamba tunalijua. Elimu ya uzazi ifundishwe waziwazi mahali pake, na watu walioandaliwa kuifundisha. Somo la malezi halikuumbwa liwe fimbo. Fikirieni: katika darasa lolote anaweza kuwapo msichana ambaye tayari ni mama na amerudi shuleni kwa jasho lake. Anaweza kuwapo kijana aliyezaliwa na mama wa miaka 16. Mwalimu akisimama mbele yao na kumwelezea mtoto kama adhabu, wale wawili wanasikia nini? Kwangu mimi mtoto darasani ni mgeni wa heshima. Huko Toronto, Canada, Mary Gordon alianzisha mwaka 1996 mpango wa kumleta mtoto mchanga na mzazi wake darasani, mwaka mzima, ili wanafunzi wajifunze kusoma hisia zake na kupitia kwake wasome hisia zao wenyewe. Hakuna anayetishwa pale. Wanafunzi huketi kulizunguka shuka, wanauliza: amechoka au ana njaa? Umejuaje?

Nije kwa wavulana, maana mara nyingi fomu zao hurudi bila alama kwenye somo letu, na mara nyingine alama ilikuwepo ikafutwa nyumbani. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 kwa takwimu za nchi 64: kazi za matunzo zisizolipwa huchukua saa bilioni 16.4 kila siku, na wanawake hufanya asilimia 76.2 yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 18, unasema baba na mama wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto. Tumeuweka wajibu huo kwenye karatasi, kisha tunawanyima wavulana mafunzo yake, halafu tunawalaumu wakiwa akina baba kwamba hawajui hata kumbadilisha mtoto nepi.

Wala asiseme mtu kwamba mwili wa mwanamume haukuumbwa kwa hilo. Huko Cebu, Ufilipino, wanaume 624 walipimwa homoni ya kiume wakiwa vijana, wakapimwa tena miaka karibu 5 baadaye. Waliokuwa wamepata watoto, homoni hiyo ilishuka kuliko kwa wasiopata, na ilikuwa chini zaidi kwa wale waliotumia saa 3 au zaidi kwa siku kuwatunza watoto wao. Mwili unamsogelea mtoto kadiri mikono inavyomshika. Nami nimeiona katika darasa langu, kwa kiwango changu kidogo: mvulana anayekuja na mikono migumu kama mtu aliyepewa kioo abebe, na baada ya muhula mmoja anambeba mdoli begani huku anaandika kwa mkono mwingine, wala hajioni kama anafanya jambo la ajabu.

Kuna kundi jingine ninalotaka kulitetea. Ni wale wanafunzi, wengi wao wasichana, wanaokuja kwangu wakiwa wamekwisha kuwalea wadogo zao. Wanajua kumbembeleza mtoto mpaka asinzie kabla sijafungua kitabu. Hao nawasimamisha mbele waonyeshe, kwa sababu ujuzi wao ni wa kweli na haujawahi kupewa alama na mtu yeyote. Somo linawaongezea sababu, na wakati mwingine linawasahihisha. Lakini nawaomba wazazi: mtoto wenu akifaulu somo hili, lisiwe leseni ya kumwachia wadogo wote kila jioni mpaka akose muda wa hisabati. Anasomea malezi kama anavyosomea kemia. Ni haki yake apumzike nalo.

Kuhusu mtihani nitasema machache. Somo la vitendo likipimwa kwa karatasi peke yake, litafundishwa kwa ubao peke yake, hiyo ni kanuni ya shule zote. Maoni yangu ni kwamba nusu ya alama, angalau, itoke kwenye kazi ya mikono na daftari la uchunguzi. Nimewahi kusoma majibu ya mtihani yaliyoorodhesha kwa usahihi hatua zote za kuogesha, na aliyeyaandika hakuwahi kushika beseni. Hilo halimsaidii mtoto yeyote. Vifaa vyenyewe si vya kutisha: mdoli mmoja mwenye uzito halisi kwa kila kundi la wanafunzi wanne, mabeseni, vipimajoto, mizani, mkeka. Gharama kubwa ni muda wa vipindi viwili mfululizo, maana hakuna anayeweza kuandaa maji, kuogesha, kukausha, kuvalisha na kusafisha ndani ya kipindi kimoja.

Kwa hiyo ninaondoka hapa na maombi matatu. Familia yenye mtoto wa chini ya miaka 3 ambayo ingekubali kutembelewa na mwanafunzi mmoja, kwa saa moja, kwa siku mtakazopanga wenyewe na mzazi akiwepo, iniachie jina leo. Nitakaa kwenye meza ile ya mlangoni mpaka wa mwisho aondoke. Uongozi wa shule utazame upya ratiba ili vipindi vyetu viwili vifuatane. Na nyinyi wavulana, fomu zinarudishwa kwa mwalimu wa darasa mwisho wa wiki. Kisanduku cha malezi ya watoto ni cha nne kutoka juu, na nafasi bado zipo.